Virusi Vyenye Jeni ya Clive

Noreen Tattersall alitengeneza virusi kwenye maabara yetu Brisbane, na hakuna aliyeviogopa. Vilikuwa punda wa mizigo tu: haviwezi kuzaana, vinabeba jeni ya binadamu, vinaitua ndani ya seli, kazi imekwisha.

Jeni ya safari hii ilikuwa ya kaka yake, Clive. Sote tuna vilango kwenye neva vinavyofunguka chumvi ipite, ndipo tusikie maumivu. Vya Clive hufunguka bila kubishiwa hodi. Miguu inamwaka moto mchana na usiku, naye hukaa barazani ameitumbukiza kwenye ndoo ya barafu, akitazama kriketi. Harusi ya bintiye alikwenda na ndoo. Ukimuuliza hali, atasema mzima.

Mimi ni mtu wa sindano ya kioo. Naigusisha kwenye seli na kupima vilango vinavyofunguka. Tulikuwa na dawa iliyotokana na sumu ya buibui, tukitaka kujua kama itavifunga vya Clive. Maabara yenyewe ilikuwa inavunjwa mwisho wa mwezi.

Noreen alikuwa na sheria moja, ameibandika kwenye friza: kichupa kikishayeyuka hakirudi humu. Virusi vikigandishwa tena hudhoofika, kwa hiyo masalio humwagiwa klorini. Aliyekosea alinuniwa wiki nzima.

Basi akafungua kichupa cha mwisho, akazitia seli virusi, kisha sumu nyingine, inayoua kila seli isiyopokea jeni. Tulipoangalia, karibu zote zilikuwa zimekufa.

"Noreen, hiki kichupa kilishawahi kuyeyushwa?"

"Mara moja tu. Kilibaki kidogo, nikakirudisha."

"Wewe? Wewe wa kutubandikia matangazo?"

"Ni kaka yangu yule! Nimmwagie klorini?"

Nilikasirika, nusura nimtupie glavu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na Noreen alilia kweli, kimyakimya, huku akibadilisha maji ya seli chache zilizopona pembeni mwa sahani. Alizilisha hata Jumapili.

Zikaongezeka. Siku moja kabla ya maabara kufungwa nikagusisha sindano: vilango vinafunguka ovyo, Clive mtupu. Nikadondosha dawa. Vikafungika. Kilichobaki ilikuwa kuiosha dawa tuone kama fujo itarudi, lakini Noreen alishampigia simu kaka yake.

"Clive, zimetulia."

"Nini? Miguu inawaka hii, bibi wee."

"Si miguu. Seli zako huku. Dawa imekubali."

"Naipata lini?"

"Miaka kumi. Pengine zaidi."

Tukasikia barafu ikigongana ndooni.

"Kwa hiyo sasa hivi, hapo kwenu, kuna kipande changu hakiungui?"

"Kipo. Bado tu kuiosha dawa, tuone kama kitawaka tena."

"Msikioshe kwanza," Clive akasema. "Kiacheni kipumzike kidogo."