Mpigaji Aliyejitoa Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kama mwamuzi wa kriketi nilikuwa na sheria zote kichwani na mawe sita mfukoni. Sheria nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu cha maktaba ya Flemingdon Park, mtaa wetu wa Toronto. Mawe yalikuwa ya kuhesabia: kila mpira ukirushwa, unahamishia jiwe moja mfuko wa pili, yakiisha sita, zamu ya mrushaji imekwisha. Mwamuzi Mkuu wa ligi yetu, mzee wa Kiismaili aliyezaliwa Mwanza, aliyatazama akacheka.

"Mawe unayo. Masikio je?"

"Ninayo, mzee."

"Basi yatumie. Mpira ukiparuza gongo la mpigaji kidogo tu, huuoni. Unausikia."

Alimaanisha hivi. Mpira ukigusa ukingo wa gongo, kisha mdakaji aliye nyuma ya vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji akaudaka kabla haujaanguka, mpigaji ametoka, zamu yake ya kupiga imekwisha. Wapinzani wanapaza sauti kuuliza, na wasipouliza, mwamuzi hana ruhusa ya kumtoa mtu.

Nilifanya kazi hiyo kila Jumamosi na Jumapili ya kiangazi, katika viwanja vya Toronto ambako mkeka hutandikwa juu ya zege. Nilikwisha kuzoeleka alipokuja Bwana Norris, aliyehamia kwa binti yake aliyeolewa Pickering, mji jirani. Huyu aliwahi kuifungulia mchezo timu ya taifa ya Uingereza katika mechi za siku tano. Mfunguzi ndiye anayekabili mpira ungali mpya, mgumu na wenye kasi, ili wenzake waukute umelainika. Aliitwa, akaachwa, akaitwa tena, mwishowe akaachwa bila hata barua. Kwetu alikuwa mtu mzima anayekimbia kwa shida, lakini mikono yake ilikuwa bado ya kimataifa.

Alikuwa na desturi ambayo wachezaji wengi wameiacha. Akijua amegusa mpira, hakumsubiri mwamuzi. Alibana gongo kwapani akaondoka. Nilimwona akijitoa hivyo mara nyingi, mara moja hata kabla wapinzani hawajauliza. Nilimheshimu sana, na heshima hiyo ikaniharibu: alipokuwa akipiga, niliacha kusikiliza nikawa namtazama yeye. Akiondoka, ametoka. Akibaki, hajatoka.

Jumapili moja ya msimu uliofuata, mrushaji alikuwa Shabani, Mtanzania dereva wa lori la mizigo. Wateuzi wa timu ya mkoa walikuwa wamekaa kando ya uwanja, na umri wake ulikuwa unakaribia kumfungia mlango. Alirusha mpira mzuri kuliko yote niliyoona msimu ule. Ukapita jirani na gongo la Bwana Norris, ukadakwa nyuma. Wote wakanigeukia kwa kelele.

Nikamtazama Bwana Norris. Alisimama palepale.

"Hajatoka," nikasema.

"Mzee!" Shabani alinijia mikono kichwani. "Hata waliopanda basi la Don Mills kule barabarani wamesikia!"

"Rudi ukarushe, Shabani."

"Nirushe nini tena? Nirushe mawe yako?"

Alirusha kwa hasira, na Bwana Norris akaichapa mipira yake hadi mwisho. Wateuzi walifunga daftari wakaondoka. Shabani hakuchaguliwa, wala hakuitwa tena.

Baada ya mechi nilimfuata Bwana Norris kwenye benchi. Nilimuuliza kama aligusa. Alivua glavu polepole, akanionyesha vidole viwili vilivyopinda kwa kupigwa na mipira miaka yote ile.

"Hivi havina hisia tangu theluji ilipoyeyuka," alisema. "Sijui kama niligusa. Wenzangu ndio walioniambia baadaye kwamba niligusa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ningeambiwa niache kucheza." Akazitupa glavu kwenye begi. "Na kusikia ilikuwa kazi yako, mwamuzi."

Uamuzi ukishaandikwa haufutwi, lakini nilimweleza Mwamuzi Mkuu kila kitu. Alisema, "Kosa moja, maliza msimu." Niliumaliza, nikamkabidhi koti langu jeupe la uamuzi. Bwana Norris naye hakurudi mwaka uliofuata.

Siku hizi nakutana na Shabani kwenye lifti, maana tunaishi jengo moja. Hanitukani. Hunisalimu tu, "Shikamoo, mzee," kisha hurudia kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayesalimia kiziwi. Mimi huwa nimeisikia ya kwanza.