Kalunguyeye Aliyeachwa na Mama

Baba alikataa kumzika mnyama ambaye mimi, kwa kinywa changu, nilitangaza amekufa.

Alimkumbatia kifuani na miiba yake yote, akatuambia, "Atakayemgusa tutakosana."

Ngoja nianze vizuri.

Mama alipofariki alituachia kalunguyeye anayeitwa Sindano. Zamani baba alikuwa akimfukuza kwa ufagio. Sasa anamkatia matunda vipande vidogo vidogo na kumsimulia habari za redioni.

Asubuhi moja ya baridi kali, simu ikalia.

"Mwanangu, Sindano haamki. Njoo na kile kidude chako cha kusikilizia."

Nafanya kazi kwenye maabara ya utafiti wa moyo. Nina diploma. Nyumbani wananiita Daktari, nami sikuwahi kumsahihisha mtu.

Nikafika na koti jeupe. Ndiyo, nililivaa makusudi.

Sindano alikuwa amejikunja kama mpira, baridi kama sakafu. Nikakipenyeza kidude tumboni. Sekunde chache tu. Kimya.

"Amekwenda," nikasema.

"Sikiliza tena."

"Baba, moyo ukipoa hivi unasimama. Hii ni sayansi."

Kaka yangu, fundi magari, akadakia, "Mzee, Daktari kashasema. Nikachukue jembe?"

Hapo ndipo baba alipomkumbatia. Kaka akatoka hivyo hivyo, tukaanza kusikia jembe nje ya dirisha.

Baba akaninyang'anya kidude, akakivaa, akafumba macho. Nilimwonea huruma. Nikajisemea, mzee wa watu, upweke umemzidi.

"Umegonga," akanong'ona.

"Ni masikio yako, baba."

"Nyamaza." Akakaa. Akakaa. "Huo tena!"

Nikakichukua ili nimalize ubishi.

Du.

Halafu kimya kirefu, mpaka nikaanza kutabasamu.

Du.

Kaka akachungulia dirishani, jasho linamtiririka. "Shimo tayari!"

Nilitamani nilale humo mimi.

Na bado sijawaambia aibu yenyewe.

Mezani kwangu kazini kuna visahani viwili. Kimoja kina seli za moyo wa panya, kingine za moyo wa kalunguyeye. Tunavipoza pamoja. Seli za panya zikipata baridi hujaa kalsiamu, zinashindwa kuitoa, mapigo yanavurugika, kisha yanasimama. Za kalunguyeye zinaitoa na kuendelea kudunda, polepole, kwa sababu baridi ikizidi mnyama huyu hulala fofofo wiki na wiki.

Kuvitazama visahani hivyo ndiyo kazi yangu. Sina nyingine.

Nilijua, jamani. Ila nilikuwa na haraka ya kuonekana najua.

Nikavua koti. Baba akasema bila kunitazama:

"Mama yako, hospitalini walinipa nafasi nikae naye mpaka mwisho. Huyu ulitaka nimfukie akiwa bado anasubiri joto."

Nikatoka nje kumwambia kaka alifukie shimo.

Joto liliporudi, Sindano akaamka, akala embe kama hakuna kilichotokea. Msimu huu wa baridi amelala tena. Juu ya sanduku lake kuna karatasi, mwandiko wa baba, herufi kubwa:

AMELALA. DAKTARI ASIITWE.

Wewe unayesoma, ukiambiwa usikilize tena, sikiliza tena. Hutapungukiwa na kitu.

Mimi siku hizi wakiniita Daktari, nawasahihisha.