Mdogo Wangu Alipokonda

Mdogo wangu alipokonda, watu walianza kumlilia akiwa hai.

Mimi nilikuwa fundi cherehani mjini Shinyanga, kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja. Yeye alikuwa Nyarugusu, machimboni, akinunua dhahabu kwa wachimbaji na kuwauzia wakubwa. Hakuwa amefikisha miaka thelathini, lakini kitambi kilitangulia mlangoni, yeye akafuata. Kila alipokuja nilimwongezea suruali kiunoni, nikimtania kwamba safari ijayo alete na turubai. Alicheka. Kwetu mwili ulikuwa baraka. Mtu mnene ni mtu anayekula, na anayekula mambo yake yamemnyookea.

Halafu akaanza kubanwa na kifua. Akipanda kilima kidogo tu anasimama, mkono kifuani, jasho linamtoka. Nikamburuta hospitali. Daktari, kijana wa rika lake, alimpima presha, akapima tena. Sukari nayo ilikuwa juu. Akatueleza kwa upole kwamba mafuta yanaziba mishipa ya moyo, na kwamba vidonge peke yake havitamsaidia asipopunguza mwili.

"Daktari, huu si ugonjwa wa wazee?" mdogo wangu akauliza.

"Hata mimi nilidhani hivyo nilipokuwa nasoma."

Nimpe haki yake: alishika masharti. Aliacha bia, akaacha soda na nyama choma, akawa anatembea kwa miguu pale alipozoea kupanda gari. Kifua kikaachia. Aliporudi kwangu baada ya miezi kadhaa, shingo ilikuwa imeonekana na mashavu yameingia ndani. Nilimpunguzia suruali huku naimba. Alipoondoka, mteja aliyekuwa akisubiri gauni lake akanishika mkono akasema, "Pole, dada. Ameanza lini?"

Nilielewa papo hapo, na hasira ikanipanda. Miaka ile ukimwi ulikuwa unazoa vijana wa machimboni, na majirani hawakuhitaji kipimo. Ukikonda, basi. Lisemwalo lipo.

Huko Nyarugusu, wenzake waliokuwa wakila naye sinia moja wakaanza kumtengea sahani. Wakamwambia ni kwa ajili ya masharti yake ya daktari. Kikombe nacho kikawa chake peke yake. Kisha wazazi wa mchumba wake, ambao tulishakubaliana nao ng'ombe, wakamtuma mshenga kusema harusi isubiri kidogo, afya ikae sawa.

Alikwenda kupima ukimwi. Hakuwa nao. Nikamwambia akawaonyeshe majibu.

"Dada, nitazunguka na karatasi mpaka lini? Watasema nimeinunua. Mwili hawawezi kusema nimeununua."

Akaenda kijijini kwa mama, akakaa kula. Ugali na mtindi, nyama iliyoelea kwenye samli, viazi asubuhi, wali jioni. Niliwafuata. Nikamwambia mama, "Mayu, daktari amekataza."

"Daktari amemzaa?" mama akaniuliza, huku anamwongezea mchuzi. "Ng'wanone, mwanangu, wewe umewahi kuona mtu amekufa kwa kushiba?"

Nikamgeukia mwenyewe. Nikamwambia utakufa. Nilisema hivyo hivyo, bila kuzunguka.

"Najua," akasema. "Lakini kule wananizika kila siku nikiwa nimesimama."

Alinawa mikono akaendelea kula. Nami nikakaa pale kwenye kigoda, mtu mzima mwenye ulimi mkali unaojulikana mtaa mzima, nikamtazama anavyomeza.

Mwili ukarudi. Na watu wakarudi, na sinia likarudi, na mchumba akarudi. Harusini alicheza mkono mmoja ukiwa kifuani, wageni wakadhani ni mbwembwe, wakamshangilia. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, nikasingizia moshi.

Hakumaliza mwaka. Alianguka asubuhi moja Nyarugusu akifunga kamba za viatu. Gari lilipopatikana, alikuwa ameshakata roho.

Siku ya maziko jeneza lilifunguliwa ili watu wamuage. Waliinama mmoja mmoja, wakamtazama muda mrefu kuliko ilivyo desturi. Nilikuwa karibu, nikasikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Jamani, huyu amekufa na mwili wake." Mwenzake akaitikia kwamba kweli, haukuwa ule ugonjwa. Maneno yakashuka kwenye mstari hadi mkekani alipokaa mama yetu.

Mama alikuwa analia tangu alfajiri. Aliposikia, akanyamaza. Akajifuta uso kwa khanga, akainua kichwa, akaanza kuwatazama watu machoni. Kisha akanivuta, sikio langu likafika mdomoni kwake.

"Umesikia? Wamemwona. Mwanangu sasa hakuna wa kumsema."

"Ndiyo, mayu," nikamwambia. "Wamemwona."