Verlene na Orodha ya Kwenda Washington

Verlene Stallworth alipika katika jiko la shule ya mji wa Carrow miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna mkaguzi aliyewahi kumlainisha kwa tabasamu. Kwa hiyo jioni ile, alipoingia ukumbi wa maktaba kwenye mkutano wa mji, naye kijana wa manispaa, Bwana Keppler, akamkabidhi stika tatu za kijani huku akichekelea mpaka jino la mwisho, machale yalimcheza.

"Karibu, mama. Bandika kwenye mradi unaotaka mji wetu uuombee fedha za serikali kuu, Washington. Ninyi ndio mnaopanga."

"Sisi ndio tunaopanga," Verlene alirudia polepole. "Na wewe unafanya nini?"

Ukutani yalisimama mabango manane, kila mradi na lake. Verlene alilitaka moja tu: daraja la kupita juu ya reli. Watu wa Bondeni, Verlene miongoni mwao, waliishi ng'ambo ya reli, na treni za mizigo zilizoea kusimama palepale kivukoni saa nzima, hata mbili. Mumewe, Delmar, alivuka mara tatu kwa wiki kwenda kusafishwa damu kwa mashine, maana figo zake zilikwisha kufa. Mwezi wa Machi treni iliwafungia njia, mashine akapewa mgonjwa mwingine, na kesho yake Delmar alibebwa kwa gari la wagonjwa akitafuta pumzi. Ahadi ya daraja Verlene aliisikia mara ya kwanza akiwa na mimba ya mwanawe wa pili. Mwana huyo sasa ana upara.

Akatupa jicho kwenye bango la njia ya matembezi kando ya mto. Tayari lilikuwa na stika saba.

"Hizi zimetoka wapi? Si mlango umefunguliwa sasa hivi?"

"Ni mfano tu, mama. Watu waone namna ya kubandika."

"Watu wazima wafundishwe kubandika stika? Bandua."

Keppler akazibandua moja moja, masikio yamemwiva. Verlene akavuta kiti, akakaa kando ya bango la daraja, mkoba mapajani, na hakunyanyuka mpaka mkutano ulipokwisha. Kwa stika, daraja lilikuwa limeyaacha mabango yote mbali.

"Tumewagaragaza!" alisema Ozella, mwenzake wa kwaya. "Twende zetu."

"Ngoja kwanza," Verlene alisema. Pale kwenye meza ya kahawa mama mmoja mwenye mkufu wa lulu alikuwa akimnong'oneza Keppler: "Barua zetu arobaini za njia ya mto umezipata?" Keppler akajibu, "Zote. Mwisho ni Ijumaa saa kumi."

Verlene akasogea. "Barua gani?"

"Ah, za kuunga mkono, mama. Madiwani wanazipima wanapochagua miradi mitatu ya kupeleka. Stika ni maoni tu."

"Mbona hukutuambia?"

"Iko kwenye tovuti."

"Nilipoingia mlangoni ulinipa stika. Tovuti hukunipa."

Jumatano baada ya sala aliwazuia watu wote kanisani, akagawa karatasi na kalamu.

"Mimi niandike nini?" Ozella aliuliza. "Barua yangu ya mwisho nilikuwa namkataa Clyde."

"Andika siku treni ilipokuumiza. Na msiigane! Zikifanana watasema tumekula njama."

Mmoja aliandika kwamba binti yake alijifungulia garini. Mwingine alikosa mazishi ya mama yake, akizisikia kengele za kanisa upande wa pili wa reli. Barua zilifika sitini na mbili.

Ijumaa saa nane na nusu Verlene na Ozella walishika njia. Kufika kivukoni, treni imesimama, ndefu, haina mwanzo wala mwisho.

"Huyu Keppler kaipigia simu," Verlene alisema.

"Dada Verlene! Treni inapokea simu ya Keppler?"

"Usimwamini mtu mwenye meno mengi."

"Basi tupenye chini ya behewa."

"Nina miaka sabini na sita, Ozella. Na pengine tupondwe, ndicho wanachokitaka."

Wakakaa. Walipofika manispaa ilikuwa saa kumi na dakika kumi na saba.

Keppler aliitazama saa ya ukutani. "Nasikitika, mama. Muda umepita."

"Gonga muhuri."

"Nikigonga itaonekana umechelewa."

"Gonga. Kisha uandike chini yake kwa nini nimechelewa."

Watu waliopanga foleni ya kulipia maji wakageuka. Keppler akawatazama, akainama, akaandika: Treni ilifunga kivuko saa moja na nusu.

"Tia sahihi yako."

Akatia.

Jumanne iliyofuata madiwani walikutana. Kwenye orodha ya Keppler daraja lilikuwa la tano. Diwani mmoja mzee, Bwana Haverty, akaliinua bunda la barua. "Na hizi?"

"Zilichelewa, mheshimiwa."

Haverty akasoma maandishi ya chini ya muhuri, kwa sauti, mara mbili. "Huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Sasa kijana, unataka ushahidi gani tena?"

Walipopiga kura, daraja lilipanda likawa la pili. Watu wa Bondeni wakapiga vigelegele, wengine wakalia. Verlene hakupiga hata kofi moja. Alikwisha kuona orodha zikisomwa hivi ukumbini, halafu zikifika Washington zina sura nyingine.

Asubuhi ya pili alimwacha Delmar kwenye mashine yake, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la manispaa kudai nakala ya kilichotumwa.

"Bado huniamini, mama?" Keppler aliuliza.

"Nakuamini kama ninavyoiamini treni."

Akavaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Daraja lilikuwapo, la pili. Kidole kikaendelea kushuka mpaka chini kabisa, kikasimama.

"Hapa pameandikwa ukurasa wa kwanza kati ya kurasa mbili," alisema. "Wa pili uko wapi?"