Timu ya Watu Wawili

Kaka yangu wa Goma ndiye aliyenifundisha kuwaachia watafiti kompyuta yangu. Nikiwa siitumii, inawapigia hesabu za kutafuta dawa ya malaria, bure. Tulikuwa timu ya watu wawili, yeye kule, mimi huku Lubumbashi, na kila mmoja aliziona kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni alama ambazo kompyuta ya mwenzake ilipata kwa hesabu hizo.

Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, simu yake ilizimika, lakini alama zake ziliendelea kupanda. Nilimwonyesha mama.

"Kama mashine inatumika, mwenyewe iko muzima," akasema.

Nilijua kompyuta haihitaji mtu ili ifanye kazi. Siku ya nne alama zikasimama, na jirani yake akatupigia: risasi ilimpata siku ile ya kwanza, na sasa nyumba imeporwa, pamoja na kompyuta.

Tulikaa kilio bila maiti. Sikulia. Niliosha vikombe vya wageni.

Wiki chache baadaye, alama zake zikaanza kupanda tena. Ningeweza kumtoa kwenye timu, ni kubonyeza mara moja tu. Sijabonyeza. Timu yetu bado ni ya watu wawili: mimi na mwizi.