Doa Lililongoja Jua

Wapo ambao aibu zao hufichuliwa na majirani. Yangu ilifichuliwa na jua, mbele ya wazazi wote wa Kidato cha Nne, nami nikawa wa mwisho kujua kwamba ninaaibika. Nimefundisha kemia hapa Mwanza hadi mvi zimeniota, lakini nikiikumbuka siku ile masikio bado huniwaka moto, basi heri niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine.

Ilikuwa asubuhi ya kikao cha wazazi, mitihani ya nusu mwaka ikiwa imekaribia. Maabara yetu ya wakati ule (siku hizi ni stoo ya madawati mabovu, na kila nikipita hapo moyo hunisinyaa) ilikuwa na mabomba mawili, moja likitoa maji na jingine likitoa mlio tu, na dirisha lililotazama ziwa likimetameta kati ya mawe makubwa, nami nilikipenda chumba kile kuliko sebule yangu ya Buswelu. Nilikuwa natayarisha silva naitreti, dawa ya kupimia chumvi, ambayo kwa macho huwezi kuitofautisha na maji ya kunywa. Glavu zilikuwepo, tena nilizivaa, lakini zilininata kwa jasho, kizibo cha chupa kikagoma kuingia, nikajisemea, ‘Dakika moja tu,’ nikazivua. Dawa kidogo ikanimwagikia vidoleni. Kengele ya kikao ikalia. Nikafuta mikono kwenye koti la maabara, nikapangusa jasho shavuni, nikaweka kilemba sawa, nikatoka kwa madaha.

Mawazo yangu yote yalikuwa kwa Kabula, binti wa mkulima wa mpunga kutoka Magu, msichana mwenye mikono mitulivu kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Mwaka uliotangulia baba yake alimchukua akasaidie mavuno ‘siku chache’, akarudi mitihani imekwisha. Safari hii mzee alikuwa amekuja na begi tupu la kubebea nguo za binti, nami nilikuwa nimeapa kwamba begi lile litarudi Magu likiwa tupu vilevile.

Tulikaa uwanjani kwa kuwa ukumbi haukututosha. Nilisimama nimelielekea jua, nikaeleza kwa ufasaha umuhimu wa juma la mazoezi ya maabara, na nilipofika kwenye usalama nikapaza sauti: “Wazazi wangu, msiwe na hofu. Dawa zetu hazimdhuru mtoto yeyote anayefuata utaratibu.”

Mama mmoja wa mbele akajigusa shavu akinitazama. Nikadhani ananipongeza, nikatabasamu. Akajigusa tena, kwa msisitizo. Nikatoa leso, nikailowanisha kwa maji ya chupa, nikajifuta shavu, paji la uso na kidevu (kumbe leso ilikuwa inakusanya dawa vidoleni na kuigawa usoni kwa haki sawa). Nikaendelea kuhutubia. Minong'ono ikawa vicheko, simu zikainuliwa, nami nikazidi kuchangamka nikiamini wanarekodi hotuba.

Baba Kabula akasimama, kofia mkononi.

“Mwalimu, samahani. Ulipoanza kusema ulikuwa mzima. Sasa una masharubu kama paka. Kama dawa hizo zinakufanya hivyo wewe mwenye elimu, binti yangu zitamfanyaje?”

Nikatazama vidole vyangu: vyeusi, kana kwamba nimechomoa mkaa jikoni. Mzee akageuka. “Kabula! Leta nguo, tunaondoka.”

Kabula akatoka mstari wa nyuma walikosimama wanafunzi.

“Baba, si ugonjwa. Ni silva naitreti. Ikikugusa huioni, lakini ikipigwa na mwanga inageuka nyeusi. Ndiyo maana tunaitunza kwenye chupa ya kahawia.”

“Sabuni haitoi?”

“Haitoi, Baba. Mpaka ngozi ijibadilishe yenyewe.”

“Nani kakufundisha yote hayo?”

“Madamu.” Akanitazama kwa huruma ambayo iliniuma kuliko vicheko. “Na alituambia asiyevaa glavu asiiguse.”

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mkuu wa shule alijificha nyuma ya ajenda, mabega yakimtetemeka. Mzee peke yake hakucheka. Alimtazama binti yake, akalikunja lile begi, akalitia kwapani.

“Mwalimu huyu anajua kufundisha,” akasema. “Kushika mafundisho ndiko kunakomshinda. Baki, mwanangu. Mpunga kaka zako watauvuna.”

Nilisimamia mitihani ile yote nikiwa na masharubu, na picha yangu ilizunguka kwenye kundi la wazazi hadi ikamfikia mama mkwe, aliyepiga simu kunipa pole ya kuungua. Siku doa la mwisho lilipotoka, nilijitazama kiooni nikajiona nimepungukiwa na kitu. Kabula sasa yuko chuoni, anasomea uuguzi, na kila mavuno baba yake hunipigia kunisalimu: “Mwalimu, paka hajambo?” Nami humjibu hajambo, na kwamba tangu siku ile sijafungua chupa yoyote mikono mitupu, hata ya achari.