Jiwe la Gurudumu la Nyuma

Tangu nipate akili, gari la baba lilikuwa halishiki hendibreki. Kila tulipoegesha, mama ndiye aliyeshuka kwanza na jiwe lililokaa miguuni pake. Analiweka nyuma ya gurudumu, anagonga bodi mara mbili, anasema, "Haya, achia." Hapo ndipo baba alipoondoa mguu kwenye pedeli ya breki. Nilipoanza sekondari niliwaomba waniteremshe kona ya mbali, wenzangu wasije wakamwona mama yangu akihangaika na jiwe. Nikikumbuka hilo sasa, natamani ardhi inimeze.

Baba alipofariki, mama aligoma kulipanda gari lile. Likabaki nyuma ya jengo letu pale Mchafukoge, limefunikwa turubai, paka wakizalia chini yake. Kaka yangu akaleta mnunuzi wa vyuma chakavu. Niliwaka! Tukagombana mbele ya mgeni, bila haya. Mama alitusikiliza mpaka tukachoka, kisha akakata shauri.

"Likiweza kusimama lenyewe, libaki, na mimi nitalipanda. Likishindwa, lichukuliwe. Sina tena magoti ya kuinama na jiwe."

Nikalipeleka Buguruni kwa fundi mmoja mpole, mtu wa makamo. Akanitafutia ekseli ya nyuma ya gari jingine la zamani lililokufa injini. "Dramu zake za breki zinaingiliana na zako, dada," aliniambia. "Tutahamisha vya ndani vyote, viatu vya breki, springi, na mkono wa hendibreki. Maana wako, upande huu, haupo kabisa. Ulishatolewa zamani." Nilishangaa. Breki zile baba alikuwa akizifungua mwenyewe, hakuna fundi mwingine aliyezigusa.

Fundi alikuwa na utaratibu wake. Hafungui magurudumu mawili kwa pamoja. Anafungua upande mmoja, anamaliza, ndipo anagusa wa pili. Ule uliobaki alikuwa anauita mwalimu, kwa sababu ukisahau kitu unauchungulia.

Alipokwenda kuswali adhuhuri, mimi na haraka zangu nikaona nimsaidie. Nikafungua upande wa pili wa ile ekseli, nikatumbukiza kila kitu kwenye karai lake la dizeli, pamoja na vya upande wa kwanza alivyokuwa ameshavitoa. Nikasugua mpaka vikang'aa. Nilikuwa najisikia fundi haswa. Kuja kushtuka, sijui kipi cha kushoto, kipi cha kulia. Nikavigawa kwenye makopo mawili kwa kukisia.

Fundi aliporudi aliniangalia, akaangalia makopo. "Hujachanganya?"

"Sijachanganya," nikamjibu, tena kwa sauti ya kuudhika. Akaniamini. Akafunga.

Jioni hiyohiyo mama alishuka ngazi, amejitanda khanga yake nzuri. Nikasimamisha gari kwenye kimteremko cha geti la nyuma, nikavuta hendibreki, nikaachia pedeli. Gari likatulia kidogo. Kisha likaanza kurudi nyuma taratibu, likaenda kuegemea pipa la maji la jirani.

Mama hakunilaumu. "Mwambie kaka yako aje," alisema, akapanda ngazi moja moja huku ameshika ukuta. Nilibaki kwenye usukani nikalia kwa hasira, na aliyenikasirisha nilikuwa mimi mwenyewe.

Kesho yake nilimweleza fundi ukweli. Akafuta mikono.

"Ungesema tu, dada."

Akafungua dramu zote mbili, akanionyesha vijiti viwili vya chuma, vile vinavyotanua viatu vya breki. Ukivitazama hivihivi vinafanana. Lakini kimoja uzi wake wa skrubu unazunguka kushoto, kingine kulia. Nilikuwa nimevibadilisha pande, kwa hiyo kila nilipokanyaga breki, badala ya kujikaza zilikuwa zinajilegeza. Akavirudisha mahali pake. Mimi akanipa kazi ya kushika kopo, na nilistahili.

Ilibidi nimbembeleze mama siku tatu. Alikubali kwa sharti moja, jaribio likafanyike Feri, kwenye kile kimteremko baba alipokuwa akimshusha na makarai yake miaka yote aliyokaanga samaki pale. Tukaenda. Akanionyesha mahali kwa kidole.

Nikasimama. Nikavuta hendibreki. Nikaachia pedeli, roho juu.

Gari halikusogea.

"Limeshika?" mama aliuliza.

"Limeshika, mama. Haliendi popote. Mwambie kaka asahau."

Akatikisa kichwa kukubali. Alikaa kitambo anatazama wakaangaji na moshi wao, wengi wao sasa watu asiowajua. "Nilikuwa namwambia atengeneze," alisema, "ananijibu kesho. Miaka yote, kesho."

Kisha akainama miguuni pake, akachukua jiwe. Lilikuwa bado palepale. Akafungua mlango.

"Mama, limeshika."

"Nimesikia."

Nilimwona kwenye kioo cha pembeni akizunguka nyuma, mkono mmoja kwenye bodi, akijishusha kwa shida juu ya yale magoti yake. Haraka nikarudisha mguu kwenye pedeli. Nikakanyaga mpaka mwisho, nikamsubiri.

Bodi ikagongwa mara mbili.

"Haya," mama akasema, "achia."

Nikaachia.